Utando wa nje wa bakteria

Utando wa nje wa bakteria ni utando wa mwisho unaozunguka seli za bakteria wa kundi la Gram-hasi, kama vile Escherichia coli, Salmonella, Pseudomonas aeruginosa na Vibrio cholerae anayesababisha kipindupindu. Umeundwa kwa lipidi, yaani molekuli za jamii ya mafuta, pamoja na protini. Tofauti na tando nyingi za viumbe hai, matabaka yake mawili hayafanani hata kidogo: tabaka la ndani lina fosfolipidi za kawaida zinazosogea kwa urahisi, na tabaka la nje lina molekuli kubwa ziitwazo lipopolisakaridi, ambazo hubanana sana na kusogea polepole.

Jinsi lipidi hizo zinavyobanana, kusogea, kuganda na kulainika ni jambo lenye uzito katika tiba. Ni sababu mojawapo inayofanya dawa nyingi zinazoua bakteria wa Gram-chanya zishindwe kuwaua wale wa Gram-hasi. Hata hivyo utando huo hauwezi kuwa mgumu kabisa, kwa kuwa bakteria anapaswa kukua, kugawanyika na kupitisha chakula ndani yake. Bakteria huishi kwa kulinda uwiano kati ya mambo hayo mawili, na dawa kadhaa hufanya kazi kwa kuuvuruga uwiano huo.

Mahali pake katika seli

Seli ya bakteria wa Gram-hasi ina vifuniko vitatu. Cha kwanza kutoka ndani ni utando wa ndani, unaozunguka saitoplazimu. Cha pili ni ukuta mwembamba wa peptidoglikani, ambao ni wavu wa sukari na asidi amino. Cha tatu ni utando wa nje. Nafasi iliyopo kati ya tando hizo mbili huitwa periplasma, na ukuta wa peptidoglikani umo ndani ya nafasi hiyo. Katika E. coli utando wa nje umefungwa kwenye ukuta kwa protini ndogo zilizo nyingi mno, zenye ncha ya mafuta iliyozama katika utando na ncha nyingine iliyoshikamana na peptidoglikani.

Bakteria wa Gram-chanya, kama Staphylococcus aureus, hawana utando wa nje. Wana ukuta mnene wa peptidoglikani uliozunguka utando mmoja tu. Tofauti hiyo ndiyo inayoonekana katika njia ya kutia rangi iliyobuniwa na daktari wa Denmark Hans Christian Gram akiwa Berlin, na kutangazwa mwaka 1884. Bakteria hutiwa rangi ya zambarau na iodini, kisha husafishwa kwa alkoholi. Wenye ukuta mnene hubaki na zambarau. Wenye ukuta mwembamba huipoteza, maana alkoholi huharibu utando wao wa nje na kuiondoa rangi, halafu huonekana wekundu baada ya kutiwa rangi ya pili.

Matabaka mawili yasiyofanana

Utando wa kawaida wa seli una matabaka mawili ya lipidi yaliyotazamana. Kila lipidi ina kichwa kinachopatana na maji na mikia ya mafuta inayoyakwepa maji. Vichwa hukaa upande wa maji, na mikia hujificha katikati.

Katika utando wa ndani wa E. coli matabaka yote mawili yana fosfolipidi. Takriban robo tatu ya fosfolipidi hizo ni fosfatidiletanolamini. Nyingi za zilizobaki ni fosfatidilgliseroli, na chache ni kadiolipini. Katika utando wa nje, fosfolipidi za aina hizohizo hupatikana karibu zote katika tabaka la ndani tu. Tabaka la nje, linalotazama mazingira, ni la lipopolisakaridi. Inakadiriwa kuwa seli moja ya E. coli ina lipopolisakaridi zipatazo milioni 1 au zaidi, na kwamba hizo hufunika sehemu kubwa ya uso wake. Sehemu inayobaki hushikwa na protini.

Si bakteria wote wa Gram-hasi wanaofuata mpango huu. Treponema pallidum anayesababisha kaswende na Borrelia burgdorferi anayesababisha ugonjwa wa Lyme wana utando wa nje usio na lipopolisakaridi. Bakteria wa kifua kikuu, Mycobacterium tuberculosis, ambaye hahesabiwi kuwa wa Gram-hasi, ana utando wake wa nje wa namna nyingine, uliojengwa kwa asidi za mikoli zenye mikia mirefu sana ya kaboni.

Muundo wa lipopolisakaridi

Lipopolisakaridi kamili ina sehemu tatu.

Lipidi A ni sehemu iliyozama katika utando. Imejengwa juu ya sukari mbili za glukosamini zilizoungana, zenye vikundi viwili vya fosfati. Katika E. coli sukari hizo mbili hubeba mikia sita ya asidi za mafuta: minne ya asidi ya miristi yenye kikundi cha haidroksili, mmoja wa asidi ya lauri na mmoja wa asidi ya miristi ya kawaida. Mikia hiyo ina kaboni 12 au 14 kila mmoja.

Kiini ni mnyororo mfupi wa sukari unaofuata juu ya lipidi A. Nacho kina fosfati na asidi, hivyo huongeza chaji hasi.

Antijeni O ni mnyororo mrefu wa sukari zinazojirudia, unaochomoza nje ya seli. Sehemu hii hutofautiana sana kati ya aina moja ya bakteria na nyingine, na ndiyo inayotumika kuwapa majina. Kwa mfano, kipindupindu cha mlipuko husababishwa na Vibrio cholerae wa makundi ya O1 na O139, na E. coli O157:H7 hujulikana kwa kusababisha kuhara damu. Baadhi ya bakteria hawana antijeni O kabisa. Makoloni yao katika sahani ya maabara huonekana yenye uso wa kukwaruza, ilhali ya wenye antijeni O huwa laini.

Maana ya umajimaji wa utando

Umajimaji wa utando ni kipimo cha urahisi ambao molekuli zake huweza kusogea. Katika utando wenye umajimaji, mikia ya mafuta huchezacheza na kila lipidi hubadilishana nafasi na jirani zake mara nyingi sana. Fosfolipidi katika utando wa namna hiyo inaweza kusafiri umbali wa mikromita 2, yaani urefu wa bakteria mmoja, kwa muda wa sekunde moja hivi. Utando ukipoa kupita kiasi, mikia hunyooka, hupangana sambamba na kushikana. Hapo utando huwa umeganda.

Jambo hilo huonekana pia katika mafuta ya kupikia. Mafuta ya alizeti hubaki majimaji hata wakati wa baridi, lakini mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya 24 °C hivi, na kuyeyuka tena yakiwekwa juani. Sababu iko katika mikia ya asidi za mafuta. Mikia ya asidi zilizoshiba hidrojeni imenyooka, hivyo hupangana vizuri kama kuni zilizofungwa mzigo mmoja. Mikia ya asidi zisizoshiba ina kifungo maradufu kinachoipinda, hivyo haibanani. Asidi ya palmiti, iliyoshiba na yenye kaboni 16, huyeyuka kwenye 63 °C. Asidi ya miristi yenye kaboni 14 kwenye 54 °C. Na asidi ya lauri yenye kaboni 12 kwenye 44 °C. Asidi ya oleiki ina kaboni 18, lakini kwa sababu ya kifungo kimoja maradufu huyeyuka kwenye 13 °C hivi.

Mambo mawili hutokana na hesabu hiyo: mkia mrefu huganda upesi kuliko mfupi, na mkia uliopinda huchelewa kuganda kuliko ulionyooka. Asidi ya lauri, ambayo ni karibu nusu ya asidi zote za mafuta ya nazi, ndiyo hiyohiyo inayopatikana katika lipidi A ya E. coli.

Kwa nini tabaka la nje husogea polepole

Fosfolipidi za E. coli huchanganya mikia iliyoshiba na isiyoshiba, kwa hiyo tabaka la ndani la utando wa nje huwa na umajimaji wa kutosha. Tabaka la nje ni tofauti kwa sababu kadhaa zinazosaidiana.

Kwanza, mikia ya lipidi A kwa kawaida imeshiba yote. Hakuna kifungo maradufu cha kuipinda.

Pili, mikia hiyo ni sita kwa kila molekuli, wakati fosfolipidi ina miwili. Kwa kuwa imefungwa pamoja kwenye sukari zilezile, haiwezi kuachana. Molekuli nzima ikitaka kusogea, lazima mikia yote sita isogee.

Tatu, fosfati za lipidi A na za kiini zina chaji hasi. Zingeachwa hivyo, molekuli jirani zingesukumana. Lakini ioni za magnesi na kalsi, zenye chaji chanya mbili kila moja, hukaa kati yake na kuzifunga, kama chokaa inavyoshika matofali ya ukuta.

Nne, sukari za kiini za molekuli jirani hushikana kwa vifungo vya hidrojeni.

Tano, protini za utando wa nje ni nyingi na zenyewe hazisogei sana. Uchunguzi wa uso wa E. coli kwa darubini ya nguvu za atomu, uliotangazwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba protini za matundu hupangana kama wavu mkubwa, na kati yake kuna madoa madogo ya lipopolisakaridi tupu. Kabla ya hapo, mwaka 2015, ilikuwa imeonyeshwa kwamba protini za utando huo hukaa katika visiwa. Protini mpya huingizwa zaidi katikati ya seli, na za zamani husukumwa kuelekea ncha zake kadiri seli inavyokua.

Ingawa hivyo, lipopolisakaridi hazijaganda kabisa. Lipopolisakaridi za bakteria wa utumbo zikichunguzwa peke yake hupita kutoka hali ya kuganda hadi hali ya umajimaji kwenye joto la kati ya 30 °C na 37 °C, kutegemea aina yake na kiasi cha ioni zilizopo. Maana yake ni kwamba katika mwili wa binadamu utando huo hufanya kazi karibu na mpaka wa hali hizo mbili.

Kurekebisha umajimaji kulingana na joto

Bakteria hawawezi kudhibiti joto la miili yao. E. coli aliyetoka katika utumbo wa mnyama na kuangukia majini hukutana na baridi ghafla, na lipidi zake huelekea kuganda. Hujibu kwa kubadilisha lipidi zenyewe.

Mwaka 1962 Allen Marr na John Ingraham walionyesha kwamba joto la ukuzaji likishuka, E. coli huongeza kiasi cha asidi za mafuta zisizoshiba. Mwaka 1974 Michael Sinensky alipima jambo hilo kwa njia nyingine: lipidi za E. coli waliokuzwa kwenye halijoto mbalimbali kati ya 15 °C na 43 °C zilikuwa na unato uliokaribia kuwa sawa, kila moja ikipimwa katika joto lake la ukuzaji. Bakteria walikuwa wamebadilisha mafuta yao ili kubaki na umajimaji uleule.

Utaratibu wake ni wa haraka. Kimeng'enya kimoja kinachorefusha asidi ya palmitoleiki kuwa asidi ya vaksini, yenye kaboni 18 na kifungo kimoja maradufu, hufanya kazi zaidi wakati wa baridi. Hakihitaji kusubiri jeni mpya ziwashwe, kwa kuwa baridi yenyewe humpa nafasi zaidi.

Lipidi A nayo hubadilika. E. coli akiwekwa kwenye 12 °C hutengeneza kimeng'enya kiitwacho LpxP, ambacho huweka asidi ya palmitoleiki isiyoshiba mahali pa asidi ya lauri. Mkia mmoja uliopinda kati ya sita unatosha kulegeza tabaka.

Mfano mwingine ni Yersinia pestis, bakteria wa tauni, ugonjwa ambao umejitokeza mara kadhaa katika wilaya ya Lushoto nchini Tanzania, West Nile nchini Uganda na Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Akiwa katika joto la chini kama lile la ndani ya kiroboto, lipidi A yake huwa na aina zenye mikia sita. Akiingia katika mwili wa binadamu wenye 37 °C, hutengeneza zaidi lipidi A yenye mikia minne. Mabadiliko hayo humsaidia pia kujificha, kwa sababu kinga ya binadamu huitambua vibaya lipidi A ya mikia minne. Mwaka 2006 watafiti walimpa Y. pestis jeni ya E. coli inayoongeza mkia. Bakteria huyo akalazimika kutengeneza lipidi A ya mikia sita kwenye 37 °C, na akapoteza uwezo wa kuwaua panya.

Kizuizi dhidi ya nyongo na dawa

Molekuli zinazotaka kuingia katika bakteria wa Gram-hasi zina njia kuu mbili.

Njia ya kwanza ni protini za matundu, kama OmpF na OmpC. Hizi ni mapipa madogo yaliyotoboa utando, yenye maji katikati. Sukari, asidi amino na chumvi hupita humo. Lakini matundu hayo ni membamba, na molekuli zenye uzito unaozidi daltoni 600 hivi kwa kawaida hazipiti. Vankomisini, dawa muhimu dhidi ya Staphylococcus, ina uzito wa daltoni 1,450 hivi, na hiyo ndiyo sababu haiwafai wagonjwa wenye maambukizi ya bakteria wa Gram-hasi.

Njia ya pili ni kupenya lipidi zenyewe. Katika tando za kawaida, vitu vinavyopatana na mafuta hupenya kwa urahisi. Katika utando wa nje hali si hiyo. Vipimo vya Hiroshi Nikaido na wenzake viliweka upenyaji wa vitu vya namna hiyo kuwa polepole mara 50 hadi 100 kuliko katika utando wa fosfolipidi. Ili kitu kipenye, mikia ya lipidi inapaswa kuachana na kumpisha, na mikia iliyobanana haiachani upesi. Rifampisini, erithromisini na novobiosini huzuiwa hivyo.

Ushahidi wake ni bakteria waliopoteza sehemu kubwa ya kiini cha lipopolisakaridi zao kwa mabadiliko ya jeni. Utando wao hulegea, fosfolipidi hujitokeza katika tabaka la nje, na dawa zilezile huwaua kwa kiasi kidogo kuliko kile kinachohitajika kwa bakteria wa kawaida.

Uwezo huo haukutokea kwa ajili ya dawa za hospitali. E. coli na jamaa zake huishi katika utumbo wenye chumvi za nyongo, ambazo hufanya kazi kama sabuni na kuyeyusha tando za mafuta. Maabara hutumia sifa hiyo: agari ya MacConkey, inayotumika kuotesha bakteria wa choo na mkojo katika hospitali nyingi, ina chumvi za nyongo na rangi ya zambarau, na kwa kawaida bakteria wa Gram-hasi ndio wanaoota humo.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka. Walio katika daraja la juu kabisa, yaani Acinetobacter baumannii, Pseudomonas aeruginosa na bakteria wa familia ya E. coli waliokuwa sugu kwa karbapenemu, wote walikuwa wa Gram-hasi.

Njia za kuulegeza utando

Kwa kuwa ioni za magnesi na kalsi ndizo zinazoshikanisha lipopolisakaridi, kuziondoa hulegeza utando. Kemikali iitwayo EDTA hukamata ioni hizo. Mwaka 1965 Loretta Leive alionyesha kwamba E. coli waliotiwa EDTA kwa muda mfupi hupoteza sehemu kubwa ya lipopolisakaridi zao na kuanza kupitisha vitu walivyokuwa wakivizuia.

Polimiksini, kundi la dawa linalojumuisha kolistini, hutumia udhaifu huohuo. Molekuli yake ina chaji chanya tano na mkia wa mafuta. Chaji hizo huvutwa na fosfati za lipidi A na kuzifukuza ioni za magnesi na kalsi, kisha mkia huzama kati ya mikia ya lipidi na kuvuruga mpangilio wake. Baada ya utando wa nje kuharibika, dawa hufika utando wa ndani na bakteria hufa. Dawa hizi zilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1940, zikaachwa kwa sehemu kubwa kwa sababu ya madhara yake kwenye figo, kisha zikarudi kutumika baada ya bakteria kuwa sugu kwa dawa nyingine.

Bakteria wana kinga dhidi yake. Wanapohisi upungufu wa magnesi au shambulio la dawa za namna hiyo, Salmonella na E. coli huongeza vikundi vyenye chaji chanya juu ya fosfati za lipidi A, kama fosfoetanolamini au sukari ya arabinosi yenye kikundi cha amino. Chaji hasi hupungua, na polimiksini hukosa pa kushika. Wanaweza pia kuongeza mkia wa saba, wa asidi ya palmiti, ili tabaka libanane zaidi.

Kwa muda mrefu usugu huo ulitokana na jeni zilizomo katika kromosomu ya bakteria mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza jeni iitwayo mcr-1, inayoongeza fosfoetanolamini kwenye lipidi A na ambayo hubebwa na plasmidi, yaani kipande cha ADN kinachoweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Walikuwa wameipata kwa nguruwe, katika nyama na kwa wagonjwa. Baadaye ilionekana katika nchi nyingi, na China ikapiga marufuku matumizi ya kolistini kama kikuzio katika chakula cha mifugo.

Acinetobacter baumannii ana njia nyingine: anaweza kuacha kabisa kutengeneza lipopolisakaridi na kubaki hai. Kolistini haimpati tena, lakini yeye mwenyewe hubaki bila ngao dhidi ya dawa nyingine nyingi.

Jinsi tofauti ya matabaka inavyotunzwa

Lipopolisakaridi hutengenezwa katika utando wa ndani. Protini iitwayo MsbA huzigeuza kutoka upande wa saitoplazimu hadi upande wa periplasma. Kisha kundi la protini saba, LptA hadi LptG, hujenga daraja linalovuka periplasma na kuzisukuma mfululizo hadi tabaka la nje. Zikishafika huko hazirudi.

Fosfolipidi zinazopotea njia na kuingia tabaka la nje ni hatari, kwa kuwa hufanya doa laini ambapo dawa zinaweza kupenya. Mfumo uitwao Mla, uliotambuliwa mwaka 2009, huziondoa hapo. Kimeng'enya PagP nacho huwekwa kwenye utando wa nje; kikikutana na fosfolipidi iliyopotea, hunyofoa mkia wake wa asidi ya palmiti na kuuhamishia kwenye lipidi A. Kwa hiyo lipidi iliyokuwa ikilegeza tabaka huharibiwa, na mkia wake hutumika kulikaza.

Nguvu ya utando

Vitabu vilieleza kwa miaka mingi kwamba ukuta wa peptidoglikani peke yake ndio unaomzuia bakteria kupasuka kwa shinikizo la maji ya ndani. Mwaka 2018 Enrique Rojas na wenzake walitangaza vipimo vilivyoonyesha kwamba utando wa nje wa E. coli hubeba mzigo huo pia, na kwamba ukakamavu wake unaweza kulingana na ule wa ukuta au kuuzidi. Bakteria ambao utando wao ulilegezwa walishindwa kuhimili mabadiliko ya ghafla ya chumvi katika maji. Kubanana kwa lipopolisakaridi, basi, kunamlinda bakteria dhidi ya sumu na dhidi ya kupasuka pia.

Lipidi A na mwili wa binadamu

Lipidi A ndiyo endotoksini, sumu inayobaki hata bakteria akishakufa. Mwaka 1892 Richard Pfeiffer, aliyefanya kazi na Robert Koch huko Berlin, alionyesha kwamba vibrio wa kipindupindu waliouawa kwa joto waliweza kuwaua wanyama wa maabara. Mwaka 1998 kikundi cha Bruce Beutler kilitambua kwamba panya wasiojibu endotoksini wana kasoro katika jeni ya kipokezi TLR4. Beutler alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 2011.

Kipokezi hicho hushikwa vizuri na lipidi A yenye mikia sita na fosfati mbili. Kiasi kidogo chake huamsha homa na kinga, ambayo ni faida kwa mwili. Kikizidi katika damu, shinikizo la damu huanguka na viungo hushindwa kufanya kazi.

Kuchemsha maji huua bakteria lakini hakuondoi endotoksini. Vyombo vya kioo vya kutengenezea dawa za sindano husafishwa kwa joto kavu, kwa kawaida 250 °C kwa dakika 30. Dawa zenyewe hupimwa, na kipimo kimoja maarufu hutumia dondoo la damu ya kaa-kiatu-farasi, mnyama wa bahari ambaye damu yake huganda ikikutana na endotoksini.

Historia ya utafiti

Otto Westphal na Otto Lüderitz wa Ujerumani walibuni katika miaka ya 1950 njia ya kuchopoa lipopolisakaridi kwa mchanganyiko wa fenoli na maji ya moto, na ndio walioipa lipidi A jina lake. Mwaka 1972 S. Jonathan Singer na Garth Nicolson walipendekeza kwamba utando wa seli ni kiowevu chenye protini zinazoelea. Mwaka huohuo Mary Jane Osborn na wenzake walieleza njia ya kutenganisha utando wa ndani na wa nje wa Salmonella. Mwaka 1976 Yoshiyuki Kamio na Hiroshi Nikaido walionyesha kwamba fosfolipidi za utando wa nje wa Salmonella hazionekani upande wa nje, na hivyo matabaka yake hayafanani. Christian Raetz na wenzake wa Marekani walifafanua baadaye hatua za kutengenezwa kwa lipidi A.

Umajimaji hupimwa kwa njia mbalimbali. Mojawapo ni kutia lipidi rangi inayong'aa, kuifuta kwa leza katika doa dogo, na kuhesabu muda ambao lipidi za jirani huchukua kulijaza doa hilo. Nyingine ni kupasha lipidi joto polepole na kupima nishati zinayonyonya wakati wa kuyeyuka. Miale ya eksirei hutumika kuona kama mikia imepangana, na programu za kompyuta huigiza mwendo wa kila atomu.

Tazama pia

Bakteria
Utando wa seli
Asidi ya mafuta
Usugu wa vijidudu dhidi ya dawa
Kipindupindu
Tauni